Nilivyomwoza Senge kwa Kamanda

Kuna watu wa mtaa wetu wa Kamenu ambao mpaka leo hawawezi kunisalimia bila kucheka kwanza, na siwalaumu, kwa sababu mbele ya walimu kumi na saba, majirani waliochungulia juu ya ua, na mke halali wa mtu mwenyewe, mimi Wafula, mwenye digrii mbili na makala moja ndefu kuhusu mila za watu wetu (iliyosomwa na watu wanne, watatu wakiwa wasahihishaji), nilimwoza shangazi yangu kwa kanali wa jeshi bila yeye kuniomba, bila kanali kuniomba, na bila mimi kujua kwamba kuna arusi inaendelea.

Nianze na shangazi. Mimi humwita Senge, maana kwetu Waluhya dada ya baba haitwi kwa jina na mtoto wa kaka yake, hata kama wamepishana miaka sita tu kama sisi. Senge ni muuguzi. Alifanya kazi hapa Thika miaka mingi, hakuolewa (alisema hakupata wakati, na ukiuona mwendo wake wodini utaamini), kisha vita vilipozuka nchi jirani akajiunga na watu wa misaada, na sasa ndiye msimamizi wa wodi ya watoto katika hospitali ya mahema huko. Alipokuja nyumbani kwa siku kumi tulidhani amekuja kupumzika. Kumbe alikuwa akitafuta mtu.

Malori matatu ya dawa, maji ya mishipa na maziwa maalum ya watoto waliodhoofika yalikuwa yamekwama kwenye kizuizi wiki tatu. Barabara ya kufika hospitalini ilikuwa mikononi mwa kikosi cha kulinda amani, na bila ruhusa ya kamanda wa kikosi, pamoja na askari wa kuyasindikiza, malori hayasogei hata hatua moja.

"Umewaandikia?" nikamuuliza, tukiwa tumeketi jikoni.

"Mara mbili. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili walinijibu kwamba ya kwanza inashughulikiwa."

"Na kamanda mwenyewe?"

"Yuko likizo. Wanasema kwake ni Ruiru. Kanali Njuguna."

Nikaweka kikombe chini taratibu, kama mtu aliyesikia namba yake ikitajwa kwenye bahati nasibu. Mke wa Kanali Njuguna ni Madam Nyambura, na Madam Nyambura alikuwa naibu wa mwalimu mkuu katika shule niliyofundisha Ruiru kwa miaka tisa kabla sijaacha chaki na kushika kalamu.

"Senge, huyo nitakukutanisha naye," nikasema kwa sauti ya mtu anayekunywa chai na majenerali. "Huyo ni mtu wangu." (Nilikuwa nimemwona mara mbili maishani, na mara zote mbili alikuwa anaosha gari.)

Senge akasogeza kikombe changu kando. "Mwanangu," akasema, "nikirudi bila hayo malori, sijui nitawaambia nini wale akina mama. Usinipe maneno."

Hapo ndipo ningepaswa kukiri kwamba maneno ndiyo biashara yangu. Sikukiri.

Kesho yake nikaenda Ruiru. Madam Nyambura alistaafu na sasa ana duka la sare za shule karibu na stesheni, na nilimkuta na futi ya fundi shingoni akimpima msichana mabega.

"Wafula," akasema bila kugeuka, "ukija kwangu na mandazi najua unataka kitu."

Nikamweleza nusu ya jambo. Sikumaliza hata hiyo nusu.

"Ngoja. Mume wangu, Baba Ciru, anarudi kule Jumanne. Nimemngoja miezi minane. Na kwangu, mtu huyo akiwa likizo hakuna kuongea mambo ya vita. Si kwa simu, si mezani, si mlangoni. Ukianza, nakutoa. Juzi nimemtoa pasta."

"Pasta?"

"Alitaka kuombea bunduki." Akaandika kipimo kwenye daftari. "Lakini chakula cha walimu Jumamosi ni kwako, sivyo? Nitakuja naye. Aje ale, acheke kidogo, alale vizuri. Vita hapana."

Nieleze kidogo hapo. Sisi walimu tuliofundisha pamoja Ruiru tuna desturi ya kula pamoja kila mwisho wa muhula, nyumba kwa nyumba, na Jumamosi hiyo zamu ilikuwa yangu. Kwa hiyo kamanda angekuja mwenyewe mpaka uani kwangu, angeketi hatua tano kutoka kwa Senge, na hakuna mtu ambaye angeruhusiwa kumwambia neno. Mtu mwenye busara angerudi nyumbani akamweleza shangazi yake ukweli huo. Mimi nilikaa kwenye treni ya kurudi Thika nikipata wazo, na mawazo yangu, ndugu zangu, ndiyo yaliyonifikisha hapa nilipo, yaani si mahali pakubwa.

Wazo lenyewe ni hili: maneno yakikatazwa, mila itazungumza. Kwetu mgeni mkubwa hupewa firigisi ya kuku, na hakuna mtu anayekula firigisi ya boma halafu akakataa kulisikiliza boma lenyewe. Sasa, mimi nimezaliwa Kamenu. Baba yangu alitoka Bungoma kuja kufanya kazi kiwandani, na Kikuyu nakizungumza mpaka wauza viazi hunipunguzia bei. Nimehudhuria sherehe za arusi za Wakikuyu pengine ishirini, kila mara nikiwa nyuma kabisa, karibu na sufuria ya supu, na kutoka huko nyuma nilikuwa nimeona tena na tena mtu wa heshima akipewa kisu, akikata bega la mbuzi lililochomwa zima, ambalo wao huliita kiande, akimpa mtu mwingine wa heshima kipande ale, na wanawake wakipiga vigelegele. Nikahitimisha, kama msomi, kwamba kiande ndicho firigisi yao. Mkubwa humkatia mkubwa. Sikumuuliza mtu yeyote. Mtu aliyeandika makala kuhusu mila huuliza nini?

Basi Jumamosi asubuhi nikaenda kwa Baba Shiro, mchoma nyama wetu, kumwambia anavyotakiwa kumwandaa mbuzi.

"Kiande nikiache kizima?" akauliza, akionyesha mguu wa mbele kwa ncha ya kisu.

"Kizima. Kuna mtu atakikata."

"Nani?"

"Kanali mmoja wa Ruiru."

"Na anampatia nani?"

"Shangazi yangu, yule muuguzi."

Baba Shiro akaweka kisu chini, akajipangusa mkono kwa aproni, akanisalimia kwa mikono miwili. "Hongera sana, mwalimu. Umri si kitu."

Nikamshukuru. Nilidhani anasifu miaka ya utumishi wa Senge.

Saa saba mchana uwanja ulikuwa umejaa. Tulikuwa tumekodi hema na viti, mukimo wa viazi na mahindi ulikuwa tayari, kachumbari ilikuwa kali, na walimu walikuwa wanaongea wote kwa pamoja kama kawaida ya watu waliozoea kunyamazisha wengine. Kanali Njuguna alikuwa mrefu, mwembamba, amevaa sweta ya kijivu, na alikula polepole akiangalia kila kijiko kabla ya kukipeleka mdomoni, kama mtu aliyekula chakula cha mkebe kwa miezi minane. Madam Nyambura aliketi kando yake kama mlinzi wa benki. Senge nilimkalisha upande wa pili, na maagizo niliyompa yalikuwa mafupi: "Ukipewa nyama, kula. Halafu mwangalie machoni. Halafu ongea upesi kabla hujatolewa."

"Sawa," akasema. Hakuuliza swali lolote. Hilo lingepaswa kunishtua, kwa sababu Senge huuliza maswali hata kanisani.

Baba Shiro akaleta kiande juu ya ubao. Nikasimama. Nikagonga glasi kwa kijiko.

"Wapendwa," nikasema, "leo tuna wageni wawili ambao Mungu mwenyewe ndiye aliyewaleta katika boma hili, ingawa hawajuani. Ningependa Kanali asimame, akate kiande hiki kwa mkono wake."

Kelele zikapungua. Kanali akatazama ubao, akanitazama mimi.

"Hiki kiande? Mimi?"

"Wewe, Kanali. Ni heshima ndogo."

Akainuka, akachukua kisu. Lazima niseme alikata vizuri: alipata kiungo mara ya kwanza, kikatengana bila nguvu, na mwalimu mmoja wa hesabu akapiga makofi peke yake. Kanali akatoa kipande kizuri, akamgeukia mkewe akitabasamu, akanyoosha mkono kumpa.

"Hapana, hapana," nikasema, nikamshika kiwiko (nilimshika kiwiko kamanda wa kikosi). "Si Madam. Mpe huyu." Nikamvuta Senge mbele.

Hapo jirani yangu Mzee Karanja, ambaye ana miaka themanini na kitu na amesimamia arusi nyingi kuliko padri, akasema kutoka pembeni, "Wafula, kuja hapa kidogo."

"Dakika moja, mzee." Nilidhani anataka soda.

"Wafula."

"Nakuja, mzee."

Kanali bado alikuwa ameshika kile kipande hewani. "Nimpe yeye?" akauliza, si mimi bali mkewe. Madam Nyambura alikuwa amekunja mikono. Alimtazama Senge kutoka kichwani mpaka viatuni, kisha akanitazama mimi, na nikaona mdomo wake ukicheza upande mmoja, nikajua (vibaya, kama kawaida) kwamba ameguswa moyo.

"Mpe," akasema. "Mwenye boma amesema."

Kanali akampa. Senge akapokea kwa mikono miwili, akala, akatafuna mpaka mwisho, akameza. Wanawake wakapiga vigelegele ambavyo nina hakika vilisikika mpaka Makongeni. Na mimi, nikidhani nimepatia, nikaongeza hotuba.

"Kuanzia leo," nikasema, mkono mmoja begani kwa Kanali na mwingine begani kwa Senge, "hawa si wageni tena. Mzigo wa huyu ni mzigo wa huyu. Na kilichounganishwa hapa Kamenu mbele yenu nyote, nani atakitenganisha?"

Walimu walikuwa wakilia machozi. Mmoja alikuwa amejifunika uso kwa leso. Mwalimu wa hesabu alikuwa ananirusha moja kwa moja mtandaoni kwa simu, na simu ilikuwa inatikisika. Nikahisi kwa mbali kwamba hiyo si furaha ya kawaida.

Mzee Karanja alikuwa amechoka kuniita. Akaja mwenyewe, na fimbo yake, akasimama mbele yangu.

"Kijana," akasema (nina miaka hamsini na moja), "umejaribu kufanya nini?"

"Nimewajulisha, mzee."

"Umewaoza. Mwanamume akikata kiande mbele ya mashahidi, mwanamke akapewa akala, huyo ni bibi yake. Hakuna kingine kinachobaki isipokuwa kumpeleka kwake."

Sijui kama mmewahi kusikia hema zima likinyamaza ili kukusubiri wewe uelewe. Nilielewa kidogo kidogo, kuanzia masikioni, yakawa moto. Nikakumbuka hongera za Baba Shiro. Nikakumbuka arusi zote ishirini, na mtu wa heshima mwenye kisu, ambaye sasa niliona wazi kwamba kila mara alikuwa bwana arusi. Nikatoa mikono yangu mabegani mwao, mmoja mmoja, kama mtu anayeweka mayai chini. Na wakati huohuo simu ikalia mfukoni, nikaipokea kwa sababu nilitaka kuangalia kitu chochote ambacho si uso wa Madam Nyambura, na ilikuwa ni baba mdogo kutoka Bungoma, sauti yake kubwa kama ya redio, kila mtu akasikia: "Wafula, tumeona video. Hiyo ni mambo gani, dada yetu anaolewa na mwanajeshi na sisi hatujaitwa?"

Hema likapasuka kwa kicheko. Nikakata simu. Nikamgeukia Madam Nyambura na nikaanza sentensi ambayo mpaka leo sijui ingeishia wapi.

"Keti, Wafula," akasema. Nikaketi. Nilifanya kazi chini yake miaka tisa, magoti yangu yanamjua.

Yeye akasimama. Akamwendea Senge, akasimama mbele yake.

"Kwa hivyo wewe ndiye mwiru wangu," akasema. Mwiru ni mke mwenza. "Mimi ndiye mkubwa. Unajua mke mkubwa ndiye anaamua mambo ya boma?"

"Najua, dada," Senge akasema, na hakucheka.

"Basi jieleze. Unafanya kazi gani?"

"Mimi ni muuguzi wa watoto. Kule kwenye vita."

Nikafumba macho, nikingoja atolewe. Madam Nyambura hakumtoa. Pengine ni ile "dada". Pengine ni kwamba mtu hawezi kumtoa mke mwenza wake mbele ya mashahidi dakika tano baada ya arusi.

"Una watoto?"

"Wodi nzima. Wengine hawana mtu mwingine. Wanahitaji maziwa na dawa, na hivyo vitu viko ndani ya malori matatu, na hayo malori yamesimama wiki tatu kwenye kizuizi cha," akageuka akamwangalia Kanali machoni, kama nilivyomwagiza, "kizuizi cha bwana wetu."

Hakuna aliyecheka safari hiyo. Kanali akaweka sahani yake chini.

"Madam," akamwambia Senge, kwa heshima, "mimi siwezi kufungua barabara kwa sababu nimekata nyama. Kuna utaratibu. Nisipoufuata, watu wanakufa."

"Sikuombi uifungue. Alhamisi kila wiki msafara wenu unapita barabara hiyo, na askari wenu. Naomba malori yangu yaingie katikati. Niliandika hivyo, barua mbili."

"Sijaona barua yoyote."

"Ziliandikwa baada ya wewe kuondoka."

Madam Nyambura akamgeukia mumewe. "Baba Ciru, huo msafara unapita hata hivyo?"

"Unapita."

"Na nafasi huwa ipo?"

Kanali akajipangusa mikono. Alikuwa mtu mkweli, niliona hilo usoni mwake, na ukweli ulikuwa unamgharimu siku yake ya kupumzika. "Malori yakikaguliwa mapema, nafasi huwa ipo. Aliyeshika kiti changu lazima alikuwa ananingoja nirudi. Hakutaka kukosea."

"Watoto wananyonya kungoja?"

"Mama Ciru, wewe mwenyewe umesema nikiwa likizo hakuna—"

"Nimesema. Hiyo sheria ni yangu, ilikuwa ya watu wa nje. Huyu umemwoa. Hawa ni watoto wa boma lako, na wana njaa. Piga simu."

Kanali Njuguna akatoka nje ya hema, akasimama karibu na tangi la maji, akapiga simu. Tulimwona akiongea akiwa amenyooka, mkono mmoja mgongoni. Nilimwona Senge, vidole vyake vimeshika ncha ya kitenge kama anapima mapigo ya moyo ya kitambaa. Dakika kumi zilipita na hakuna aliyegusa soda yake.

Akarudi. "Jumatano wanakagua," akamwambia Senge. "Alhamisi yanaingia kwenye msafara, nafasi ya nne, ya tano na ya sita. Madereva wako wawe na vitambulisho vyao. Mmoja akikosa, lori lake linabaki. Hapo sitakusaidia, hata kama ni mke."

"Watakuwa navyo," Senge akasema, akaketi kwenye kiti cha karibu, ambacho kilikuwa cha Madam Nyambura, na Madam Nyambura akamwacha akikalie.

Mzee Karanja, kwa huruma, akatangaza kwamba kwa kuwa upande wa bwana arusi haukuleta mbuzi hata mmoja, na aliyekata alikata mbuzi wa ukweni, hapakuwa na ndoa yoyote, ilikuwa nyama tu, watu wale. Nikashusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu saa nane.

"Mzee, asante," Madam Nyambura akasema. "Lakini hiyo hukumu tuiweke kwanza. Hakuna talaka mpaka malori yapite."

Watu waliondoka jioni, wote wakanipa mkono na kunitakia baraka za familia mpya. Nilikuwa naosha masufuria na Senge anasuuza, nikaanza kumwomba msamaha kwa aibu niliyomtia, nikaeleza habari za firigisi, nikaeleza habari za kukaa nyuma karibu na supu. Akaniacha nimalize.

"Mwanangu, nimefanya kazi na wauguzi wa Kikuyu miaka kumi na minane. Arusi zao nilikuwa nakaa mbele. Unafikiri sijui kiande?"

Sufuria ikanitoka mkononi. "Ulijua? Na ukala?"

"Ningekula mbuzi mzima na pembe zake." Akaniokotea sufuria. "Sugua vizuri."

Basi somo langu ni dogo na nimelilipia: mila ya jirani haisomwi kwa mbali, mtu anauliza, na akijiona hana haja ya kuuliza, hapo ndipo aulize mara mbili. Nimeapa kwamba sitamjulisha mtu kwa mtu tena maishani kwa njia yoyote isipokuwa kusema, huyu ni fulani, na yule ni fulani, kisha nikae chini. Baba mdogo wa Bungoma bado hajaniamini.

Ijumaa mchana Senge alituma ujumbe. Malori yote matatu yalikuwa yamefika, nafasi ya nne, ya tano na ya sita. Aliandika: "Leo wodi ina kelele. Wiki zote hizi walikuwa hawana nguvu ya kulia."

Nilimpigia Madam Nyambura dukani nikamsomea. Nikasikia cherehani ya fundi wake ikiendelea, halafu ikasimama.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.

"Sawa. Mwambie mwiru wangu ile talaka nimeiondoa. Na akipata likizo, asikuje kwako. Aje kwake, Ruiru."